Koni ya Sukari ya Lalla Zhor

Alhamisi hii, tarehe 30 Juni, Lalla Zhor Bensari anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na nane ya utumishi katika Nyumba ya Maharusi El-Wardia, hapa Tlemcen.

Aliajiriwa kufagia nywele sakafuni. Mwaka wa pili alikabidhiwa kitana, na mwaka wa sita chumba cha maharusi wenye nywele ndefu, na hakuhama tena. Hakuna aliyewahesabu maharusi wake. Yeye mwenyewe akiulizwa husema kwamba anazikumbuka shingo, si idadi.

Wageni wa fani hii hudhani kuwa jambo la kwanza katika kuchagua msuko wa harusi ni uzuri. Kwa Lalla Zhor lilikuwa uzito. Bibi harusi wa Tlemcen huvikwa chachia, kofia ya mahameli iliyochongoka, ikazungushiwa dhahabu na lulu, naye hutakiwa kukaa wima mbele ya wakwe bila kukishika kichwa. Kwa hiyo kila msuko ulifanyiwa mtihani. Koni ya sukari, bonge gumu la kilo mbili lililochongoka, kama zile zinazopelekwa na posa, ilisimamishwa juu ya nywele, kisha binti akaamriwa amimine chai, acheke, na awasalimie mashangazi wa kufikirika. Koni ikianguka, msuko umeanguka. Vipande viliishia katika birika letu.

Mwandishi wa mistari hii alijiunga na El-Wardia mwaka jana, akiwa na stashahada ya ususi kutoka Oran na albamu ya picha mia moja na ishirini. Uadilifu unamlazimu kueleza yaliyompata.

Siku tano kabla ya harusi yake aliletwa Ibtissem, binti mwenye nywele zinazofika magotini. Bibi yake, aliyemlea, ndiye aliyezichana kila Ijumaa tangu utotoni. Walikuwa wamekwisha kupita saluni mbili, na kote chachia iliteleza. Ibtissem aliketi kitini akasema, "Leo ikishindikana, zikatwe mabegani. Nimechoka." Bibi aliishika ncha ya nywele zile akailaza mapajani mwake.

Mwandishi alichagua fundo la juu, picha namba kumi na nne: pini arobaini, na spreyi ya kutosha kugandisha pazia. Lilipendeza kwelikweli. Lalla Zhor akaiweka koni juu yake. Ibtissem alipoinua tu birika, koni iliporomoka, ikapasuka, na vipande vikatawanyika hadi mlangoni.

"Haya, daktari wetu," Lalla Zhor akasema, "umejenga mnara, halafu unataka mnara mwingine ukae juu yake?"

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa watu watatu: mwandishi, bibi, na Ibtissem, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono kuchukua mkasi mezani.

Lalla Zhor hakumzuia. Alimuuliza tu, kwa udadisi wa mtu anayeuliza njia, "Kabla hujakata, binti yangu, ukiosha sakafu ya ua nyumbani, nywele hizi huwa unaziweka wapi?"

"Nazizungusha kichwani tu, Lalla. Huo si mtindo."

"Sijauliza kama ni mtindo. Nionyeshe."

"Akuonyeshe nini?" bibi akadakia. "Huwa kama mtu anayekwenda kisimani!"

Ibtissem aliweka mkasi chini. Alisuka mikia miwili kwa vidole vyake, akaizungusha kichwani kama ngata, akaichomeka mmoja ndani ya mwingine, na ncha mbili akaziachia mgongoni. Hakutumia pini hata moja. Lalla Zhor akafungua koni mpya na kuitua katikati ya ngata ile. Ibtissem alimimina chai. Alicheka. Kisha akapiga magoti, mgongo wima, akauinua mkono wa bibi yake hadi midomoni. Koni haikutikisika.

"Zhor," bibi akasema, "ufiche huo mkasi."

Siku ya harusi Lalla Zhor aliongeza pini nne na utepe wa dhahabu kwenye ncha, basi. Chachia ilikaa imara mpaka mwisho, na chini yake nywele zile ziliteremka mgongoni, wakwe wakiziona. Ama vipande vya koni iliyovunjika, tulivitia katika chai wiki nzima. Wenzetu wakaiita chai ya stashahada, na mwandishi aliinywa kama wengine.

Wasusi tisa wamepita mikononi mwa Lalla Zhor. Picha namba kumi na nne imetolewa katika albamu, na mahali pake limeandikwa swali lile la ua. Kila bibi harusi sasa huulizwa swali hilo kwanza, na majibu yao yanatushangaza hadi leo.

Koni ya Ibtissem ingali nzima rafuni, imefungwa tena katika karatasi yake ya buluu. Leo, baada ya hotuba, Lalla Zhor ataivunja mwenyewe kwa nyundo ya shaba kwa ajili ya chai yetu. Ni ya kwanza kuvunjwa chumbani mwake kwa makusudi.

Ahsante, Lalla Zhor, kwa subira yako na kwa maswali yako. Tunakuombea afya, nyumba yenye vicheko, na asubuhi nyingi za kuchana nywele zako mwenyewe bila haraka.