Mama Turudi Anakabidhi Kamera

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wa chumba cha upasuaji namba mbili atakabidhi ufunguo wa kabati la kamera na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika hospitali hii. Kwenye majalada ya ofisini ana jina lake kamili. Kwetu sisi ni Mama Turudi. Wapo wapishi waliompakulia chakula miaka kumi na hawajui kama ana jina jingine.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na daktari. Mwenyewe akakataa. Alisema daktari ataandika kama barua ya rufaa, afadhali aandike msukuma machela. Ndiyo maana naandika mimi, na shule yangu ilikuwa fupi. Msomaji anivumilie.

Alianza kazi zama za mkato mrefu. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye utumbo mwembamba alipasuliwa kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, na akitoka hapo alitembea ameinama wiki nyingi, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kisha vikaja vyombo vipya. Matundu matatu au manne, kila moja unaweza kulifunika kwa kidole. Kamera nyembamba kama kalamu inapita kwenye tundu moja, makoleo marefu kwenye mengine, na tumbo lote linaonekana kwenye runinga. Wauguzi wengi wa rika lake walivikwepa, wakisema hawakusomea sinema. Yeye alikwenda kozi miezi mitatu, akarudi, akapewa kamera aishike, na hajaiachia mpaka leo.

Kazi ile inataka mtu mtulivu. Daktari anatazama kwa mkono wako. Ukitetemeka kidogo, yeye anaona tetemeko la ardhi. Tena kioo cha kamera kikiwa baridi kinashika ukungu kikiingia tumboni, kwa hiyo huchovywa kwanza kwenye maji ya dripu, yale ya chumvi, yaliyopashwa moto. Maji hayo Mama Turudi aliyahifadhi kwenye chupa ya chai ya bluu. Daktari mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, aliikuta ile chupa chumba cha pembeni, akatia majani na sukari, akanywa kikombe kizima. Alipoulizwa kwa nini hakutema, alijibu kwamba alidhani ndivyo chai ya hapa ilivyo, na mgeni hachagui. Sasa ni bingwa, ana ofisi yenye zulia, na bado tunamwita Chai ya Chumvi.

Jina la Turudi lilitoka kwenye boksi la viatu. Alilitoboa matundu, akalijaza bomba la kitambaa alilolishona mwenyewe, mita sita, kwa sababu utumbo mwembamba ni mrefu namna hiyo na umejikunja tumboni kama kamba iliyotupwa kapuni. Kwenye bomba akashonea vifungo vya shati. Mwanafunzi alipaswa kulipitia lote kwa makoleo mawili, shibiri kwa shibiri, macho kwenye runinga, na kutaja vifungo alivyoviona. Karibu wote walifika mwisho na vifungo vinne. Vilikuwa vitano. Kile cha tano alikishonea nyuma ya kikunjo: ukienda hukioni, ukirudi kinakukodolea macho. Basi kila aliyefika mwisho na kutaka kushusha mikono alisikia neno hilo moja, “Turudi.” Mumewe, fundi saa, anasema hata nyumbani miwani yake ikipotea hasaidiwi kutafuta. Anaambiwa arudi njia aliyojia.

Si kwamba hana kasoro. Ukichelewa dakika tano, utazisikia kwa siku tano. Na huwa anaimba akiwa anapanga vyombo. Mtaalamu wa nusukaputi aliwahi kumwomba kwa heshima zote anyamaze, akisema yeye amelipwa kulaza watu.

Sasa niseme langu, maana ndilo nililoitiwa. Miaka miwili iliyopita nilianza kuchoka. Nilidhani ni kazi. Mtu wa kubeba hachoki leo tu. Mama Turudi akanisimamisha kwenye korido. “Wewe, hii korido imeota kilima lini? Mbona unapumzika mara mbili?” Nikamwambia ni usingizi. “Usingizi haupaushi midomo, mwanangu. Twende ukapimwe damu.” Damu ilikuwa imepungua nusu. Ilikuwa ikivuja ndani kidogo kidogo, na picha ya tumbo ikaonyesha uvimbe kama haragwe kwenye utumbo mwembamba.

Niseme kweli, kisu chenyewe sikukiogopa sana. Niliogopa mkato mrefu. Mtu aliyefunguliwa tumbo lote hanyanyui mgonjwa kwa miezi, na mkataba wangu haukuwa wa kungoja mtu. Nipo mbali na kwetu, na kule wanategemea mikono hii miwili. Madaktari wakaamua kutumia matundu.

Yaliyotokea nikiwa nimelala alinisimulia daktari mkuu mwenyewe, wodini, mbele ya wanafunzi wake. Walikuwa wameupitia utumbo mpaka mwisho na haragwe wameliona. Mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri nje. Daktari akataka kamera irudishwe moja kwa moja kwenye uvimbe, akate, afunge. Kamera haikusogea.

“Turudi, daktari.”

“Mama, picha imeonyesha mmoja.”

“Picha imekwenda tu, daktari. Haijarudi.”

Wakarudi, shibiri kwa shibiri. Zikiwa zimebaki shibiri mbili kulifikia haragwe, nyuma ya kikunjo, kulikuwa na uvimbe wa pili, mdogo kama kifungo cha shati. Wakapanua kidogo tundu la kitovuni, wakavuta nje sehemu ile, wakakata kipande chenye vyote viwili na kuunganisha palipo pazima. Daktari mkuu alisema ule wa pili angeuacha. Alilisema bila kuzunguka, na mimi namheshimu kwa hilo. Wiki ya tatu nilikuwa nasukuma mashuka, ya saba nikarudi kwenye machela. Vipimo vyote tangu hapo ni safi.

Ameshawafundisha wauguzi kumi na tisa kushika kamera. Lile boksi la viatu linabaki chumba namba mbili, na tumeshauriana tusiwaambie wageni idadi ya vifungo.

Siku niliyoruhusiwa alinikuta nafunga mfuko wangu. Akauliza mama yangu anajua kama nimepasuliwa. Nikasema hajui, sikutaka kumtia presha. Akauliza huu ni mwaka wa ngapi sijaonana naye. Nikasema wa sita, kazi hazinipi nafasi. Akanitazama kwa lile jicho la kamera. “Utumbo wako tumeupitia mara mbili. Njia ya kwenu umeipita mara moja tu.”

Nilicheka, kwa sababu kucheka kuliniuma kidogo tu. Kisha nikalisahau neno lile, au nilijifanya nimelisahau, miaka miwili mizima.

Mama Turudi, chumba namba mbili kinakushukuru, na chumba cha machela kinakushukuru zaidi. Tunakuombea siku ndefu zisizo na kengele, afya ya mwili, na mume atakayejifunza kutafuta miwani yake. Njia yako iwe nyeupe, ya kwenda na ya kurudi. Na mimi Jumamosi, kesho yake baada ya sherehe yako, napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Likizo imesainiwa. Naenda kumwonyesha mama makovu manne, kila moja unaweza kulifunika kwa kidole.