Ardhi Ambayo Maji Hayakuiacha

Sikilizeni, wanangu, maana pumzi ya kurudia maneno sina. Ibrahim, funga hilo dirisha, tramu za mtaa huu wa Schaerbeek hazijui kwamba humu kuna mtu anakufa. Hidaya, binti yangu, nishike mgongo. Rayhana, mjukuu wangu, keti hapa miguuni pangu.

Nasema habari ya kile kiwanja cha ziwani, kule milimani Ardennes, nilichouziwa na mzee Guido mwaka 2006. Guido alifundisha Bujumbura miaka mingi, na hakunificha kitu: “Amissi, hili ni ziwa la kuchimbwa, lina ukuta na milango ya chuma. Maji yakizidi wanayafungulia, yakipungua wanayazuia, ukingo ni uleule mwaka mzima.” Notaire, mwanasheria wa hati, naye akalisoma hilo, nami nikatia sahihi huku nacheka. Mimi, mtoto wa Rumonge, niliyezaliwa kando ya ziwa, nifundishwe ziwa na Mzungu? Ziwa gani lisilopumua?

Kwa baba yangu, mtoto mkubwa alipewa nyumba, na mdogo akapewa kinachoachwa na maji kiangazi, ule udongo mweusi unaootesha nyanya na mboga za lengalenga bila mbolea. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, na udongo huo ulinilisha mpaka nikaoa. Donc, wewe Ibrahim nikakuahidi kibanda na bustani, na ndugu yako Karimu nikamwambia mbele ya wageni wa Idi: “Wewe chukua kinachoachwa na maji.” Wallahi nilidhani nimempa kilicho bora.

Karimu akangoja. Kila Agosti alipanda treni na jembe lake, watu wanamshangaa, akarudi nalo safi. Mwaka wa tatu akaniambia, “Papa, kule maji hayaachi kitu, tugawe upya.” Nikamjibu mbele ya mkewe kwamba mtoto asiye na subira hana baraka. Akahamia mji wa Ostende. Kila Ijumaa alinipigia simu, nami sikupokea, nikingoja aje apige magoti. Miaka minne, wanangu! Kisha gari likamgonga akitoka kazini, na aliyenipigia siku hiyo alikuwa polisi.

Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu nilikuwa mimi, nikaambiwa na sikusikia, na guu lililovunjika ni la mwanangu. Tunasema pia majuto ni mjukuu. Wangu huyu hapa, ana macho ya baba yake Karimu, nashindwa kumtazama.

Bon. Shehe ameniambia mjukuu harithi ikiwa ami yake yu hai, lakini theluthi ya mali ni halali kuiusia. Hati bado ni yangu, na kiwanja chote hakifiki theluthi. Nausia kiwe cha Rayhana, kibanda, bustani na ukingo. Ibrahim, najua umeshapata mnunuzi. Mrudishe. Usimwambie huyu mtoto asubiri.

Nizikeni makaburi ya Evere, karibu na Karimu kama nafasi ipo, mnielekeze kibla, msinipambie kitu.

Rayhana... sogea. Baba yako hawezi tena kunisamehe. Mrithi wake ni wewe, na msamaha wake umebaki kwako. Siudai, nauomba. Usijibu leo, usijibu kwa kumwonea huruma mtu anayekufa... Kua kwanza.

Mungu awaunganishe. Awape... awape masikio. Na mkianza kulia, mlilieni Karimu kwanza. Mimi... mimi baadaye.