Fundi Sikio na Gari Lililolalia Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Alifariki Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane. Gereji nzima ilimwita Sikio, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Sikio alitengeneza magari yanayosimama kwa upepo. Magari hayo hayana springi za chuma. Kila tairi lina puto la mpira, na upepo ukivuja, gari linalala upande mmoja kama mtu aliyechoka kusimama foleni. Wenzake walipaka sabuni wakatafuta mapovu. Yeye alisema maneno mawili tu: "Zima redio." Gereji ikanyamaza. Akalizunguka gari mara moja, kichwa amekiinamisha, kisha akanyoosha kidole. Hapa. Na kweli palikuwa hapo.

Miaka minne iliyopita masikio yake yalianza kufifia. Kazini hakumwambia mtu. Akabuni njia nyingine. Alilamba mdomo wake wa juu, akausogeza karibu na bomba la upepo, akangoja ubaridi. Mdomo uliolowa unahisi upepo hata ukiwa mdogo kama wa tundu la sindano. Bado alisema "Zima redio," ingawa redio yenyewe hakuisikia tena. Mafundi wakatania kwamba mzee anabusu magari. Utani ukafika nyumbani. Mkewe alinisimulia, na hapo tu ndipo alipotabasamu: "Nilimuuliza, kwani hayo mabomba yamenizidi nini?"

Wiki tatu zilizopita likaletwa gari moja. Limelala nyuma, upande wa kushoto. Sikio akabadilisha puto la nyuma kushoto. Baada ya siku chache likarudi, limelala palepale. Akaweka puto lingine. Jumatatu likarudi tena. Bosi wa gereji hakupandisha sauti. Alisema likirudi mara nyingine, Sikio avue ovaroli aiache mlangoni. Ovaroli aliyoivaa miaka ishirini na sita.

Na siku zilezile kifua chake kilikuwa kimeharibika. Mkewe alikisikia kikipiga mluzi chumbani. Mwenyewe hakukisikia. Mama huyo akachukua karatasi akamwandikia mumewe. Karatasi hiyo ninayo hapa mezani. Upande mmoja mama ameandika: "Kifua chako kinavuja. Twende hospitali leo." Upande wa pili kuna mwandiko wa Sikio, na alama ya kidole chenye grisi: "Gari likisimama sawa, nitakwenda."

Jumanne alishinda chini ya gari, mgongo kwenye sakafu ya saruji, akikohoa. Alilamba mdomo, akasogea, akangoja. Puto zima. Bomba zima. Akaanza upya. Binti yake, ambaye ni mshonaji, alimletea chakula akamkuta amelala vile. Akamvuta mguu.

"Baba akaniambia, mwanangu, usinivute, nitasahau nilipofika," binti alinieleza. "Mdomo wake ulikuwa umepasuka, unatoa damu. Nikauachia mguu. Mimi mwenyewe nikauachia."

Jumatano mchana alipata mahali penyewe. Puto halikuwa na kosa hata siku moja. Uvujaji ulikuwa kwenye kasha dogo lililojificha nyuma ya bampa, pale upepo unapogawanywa kwenda kila tairi. Kasha lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Macho hayafiki hapo, na sabuni haikai. Akabadilisha kasha.

Lakini gari la upepo halitoi jibu papo hapo. Lazima lisimame mpaka kesho yake ndipo ujue. Mama akamsihi tena. Binti akapiga magoti. Sikio akasema, mpaka asubuhi.

Alhamisi asubuhi fundi wa umeme wa gereji, rafiki yake wa miaka mingi, alipima kwa futikamba, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi. Nyuma kushoto na nyuma kulia, kipimo kimoja. Gari limesimama sawa. Hakungoja ruhusa ya mtu. Aliliendesha gari hilohilo mpaka nyumbani kwa Sikio, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, safari ya hospitali. Sikio akauliza kwa ishara ya kiganja: liko sawa? Wakamjibu kwa kiganja: liko sawa. Akafumba macho.

Njiani redio ya gari ilikuwa inaongea. Huenda ilikuwa kituo chetu hiki.

Mama akasema, "Zima redio."

Fundi wa umeme akaizima. Mama akalamba mdomo wake wa juu, akainama mpaka kwenye pua ya mumewe, akangoja. Binti anasema barabara ilikuwa na mashimo, na gari halikulala upande wowote.

"Hakuna upepo," mama akasema.

Wasikilizaji wapendwa, fundi wa umeme ameniomba niseme hili hewani, nami nimemwahidi. Siku ile ya kwanza kabisa, gari lilipoletwa, yeye alisikia upepo ukilia nyuma ya bampa. Aliusikia vizuri. "Nilimwona anakwenda kwenye puto," aliniambia. "Lakini unamwambiaje Sikio sauti inatoka wapi? Niliona haya. Nilidhani ninamheshimu."

Kwa mama, kwa binti, na kwa mafundi wote wa gereji ile, tunawapa pole kwa moyo wote. Fundi Sikio alifariki Alhamisi, saa tano asubuhi. Gari lake limesimama sawa mpaka leo.

Nilikuwa nimeandaa wimbo wa kufungia. Nimeuacha. Ninawaomba jambo ambalo mtangazaji haombi. Huyo aliye karibu nawe, umesikia nini kwake ambacho unaona haya kumwambia?

Zima redio. Mwambie.