Kaburi la Vigae vya Pinki

Haya sikusimuliwa. Nilikalia ncha ile ya benchi yenye msumari, kijiweni Malukhu, hapa Mbale, na alama ya msumari ninayo. Afande Yekosofati, askari magereza mstaafu, alifika akajibwaga kama gunia, nyundo mkononi. Mwanawe Trevor alikuwa amempigia simu kutoka Jinja: Jumamosi analeta wakwe zake, na kaburi la mama, lile la vigae vya pinki vyenye maua, ni ushamba mtupu. Vibanduliwe. Mzee alivibandika mwenyewe, kimoja kimoja, na sasa mikono ile ilikuwa mizito hata kwa kikombe.

— Ati linafanana na bafu la gesti, alisema.

— Gesti gani? aliuliza Geresom, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kubeba saruji. Kuna gesti na gesti, afande.

— Injinia, usinichoshe.

— Nakusaidia, bwana. Ushamba ni rangi. Wewe umeona wapi benki ya pinki?

Magidu, mwenye birika la kahawa, alitikisa kichwa.

— Sisi Waislamu tunaweka udongo, basi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kaburi linajitembeza kwenda wapi, Magidu?

— Methali imepita tu, afande. Iache iende.

— Kosa ni la huu mlima, Injinia akaendelea. Watu wa Jinja wana ziwa, macho yao yanaoshwa kila siku. Sisi mlima umetuziba. Peleka kigae hicho hicho Masese, kule ziwani Jinja, kitageuka kijivu chenyewe.

— Trevor huyo huyo alioa na viatu vyeupe vyenye ncha kama mkuki, alisema Magidu.

— Vile vilikuwa maridadi, alisema Injinia. Nilimwazima mimi.

Afande aliinua nyundo.

— Nimechoka. Naenda kubandua.

Nangila, mama mpita njia aliyekuwa akipuliza kahawa yake kimya, akainua macho.

— Samahani, mzee. Marehemu mwenyewe alipenda rangi gani?

Kichwani Afande aliiona kaki yake ya kazi ikipigwa pasi, kola ikinyooka, mkono wa mke ukipepea makaa. Gauni la mke hakuliona. Akatutazama sisi. Injinia alitazama mlima. Magidu aliinamisha birika: kahawa imekwisha. Nyundo ikarudi chini, mzee akabaki ameketi.

Yote ni kweli kama msumari ule. Ila hilo la kahawa kwisha nimelitia mimi. Birika lilikuwa nusu. Hakuna aliyenyoosha kikombe.