Nani Anatafuna Maganda?

Benchi la nje kwa Kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na Msumari, fundi viti wa mtaa mzima, hajawahi kuutengeneza. Asubuhi hiyo alijibwaga juu yake kwa hasira, benchi likayumba, kahawa ikawamwagikia wenzake, Kinyozi na Redio. Hakuomba radhi. Damu ilikuwa ikimchemka tangu alipochungulia banda la kuku akakuta kiota kimelowa, yai hakuna. Juzi alimfukuza mama mkwe wake kwa wizi wa mayai, na tangu hapo mkewe hamsemeshi.

— Yanaibwa! alifoka. Na machache ninayopata, ganda jepesi kama karatasi. Ukishika tu, linabonyea!

— Jogoo wako kazeeka, alisema Kinyozi.

— Jogoo ndiye anayetia ganda? Usinitanie, mwenzio nimevurugwa!

— Ni spika za jirani yako, alidakia Redio, mtu asiyekosa jibu. Mdundo ule unapasua hata kioo.

— Sasa yai lenyewe linakwenda wapi? Hata ganda silioni!

Redio akasogea, akashusha sauti.

— Mama mkwe wako si analalamika magoti? Mifupa ya uzeeni inataka chokaa. Yai analinywea humohumo bandani, ganda analitafuna.

— Ganda zima? aliuliza Kinyozi.

— Lote! Chokaa tupu ile!

— Nilijua! Msumari akapiga benchi ngumi. Bibi yule kanimaliza!

— Shemeji, leo umeokota mangapi?

Wakageuka. Kaka wa mkewe alikuwa amesimama nyuma yao, uso umemkunjamana.

— Hata moja!

— Mama yuko kwangu tangu juzi. Haya, nyinyi mabingwa wa mifupa, niambieni: kuku naye, chokaa ya kutengenezea ganda anaipata wapi?

Msumari alikumbuka kiini kilichokauka mdomoni mwa tetea mwekundu. Alikiona alfajiri, akakipuuza. Akamkumbuka mama mkwe akimsihi anunue chokaa ya mifugo, maana kuku wanaolishwa pumba tupu hutaga mayai laini, wakayadonoa na kuyala wenyewe. Naye alimjibu kwamba hafundishwi na mgeni nyumbani kwake.

— Shemeji, kaa basi, unywe kahawa.

— Sikai. Nimefuata kandambili za mama, alisema shemeji. Na za dada.