Don Cuco Anastaafu, Mbwa Ameridhia

Baada ya miaka ishirini na nne ya kutandika nyasi bandia kwenye nyua za miji ya Mesa, Gilbert na Chandler, Refugio Barraza, ambaye sote tunamwita Don Cuco, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 26 Juni. Safari hii ni kweli. Wasifu huu nimeuandika mara tatu, na keki ya kumuaga tumeshaikata mara mbili huku mwenyewe akiwa kazini. Mimi ni Twyla wa ofisini, ninayepokea simu za wateja, na nimechoka kumuaga mtu ambaye Jumatatu namkuta mlangoni akiulizia kahawa.

Alianza kwa kusukuma mashine ya kushindilia kokoto. Siku hizo wateja walituona vichaa: nani atandikiwe majani ya plastiki kwa ajili ya mbwa? Siku hizi wanaona kichaa ni yule anayemwagilia nyasi halisi, ambazo jua la Arizona linazikaanga na mbwa anazimalizia. Don Cuco ndiye fundi wetu wa mishono, pale vipande viwili vya nyasi vinapounganishwa. Bosi wetu aliwahi kutambaa ua mzima mchana wa Julai akiutafuta mshono mmoja tu. Alirudi na magoti mekundu, na mshono hakuuona.

Lakini kilichompa jina ni sahihi. Ua wa kwanza aliousimamia mwenyewe ulikuwa Gilbert, kwenye nyumba yenye mbwa watatu. Alimaliza, akasifiwa, akaondoka. Wale mbwa waliutazama ule ukijani wakadhani ni zulia la wageni. Wakajibana kutwa kwa adabu, kisha wakaingia sebuleni wakajisaidia kwenye zulia jeupe la mama mkwe. Simu ya mama mkwe niliipokea mimi, na maneno yake hayafai kwenye jarida la wafanyakazi.

Tangu hapo Don Cuco akaapa kwamba kazi haijaisha mpaka mbwa wa nyumba aikojolee. Ndiyo hiyo tunayoiita sahihi, na leo kampuni nzima tunaifuata. Vifaa vinapakiwa, mteja anashukuru, nasi tunavua kofia juani na kumsubiri mbwa. Wapo mafundi waliokuja kwetu kutoka kampuni nyingine wakatucheka. Waliocheka wamebaki, na sasa ndio wa kwanza kuvua kofia.

Alikuwa astaafu mwishoni mwa Aprili. Ua wake wa mwisho ulikuwa wa Bi. Lorna Tidwell, mjane aliyekuwa mwalimu wa piano, mwenye mbwa mzee mnene aitwaye Otis, ambaye masikio yake yanafagia chini anapotembea. Otis alitoka, akanusa nyasi, akamtazama Don Cuco, akarudi mlangoni kuomba apelekwe matembezini. Huko nje akakojolea mkaktasi wenye miiba wa jirani.

“Cuco, kazi imetulia, nenda zako ukapumzike,” Bi. Lorna alimwambia.

“Mama, huyu bado hajasema kitu,” Don Cuco akajibu, na keki ya kwanza tukaila bila yeye.

Akawa anarudi kila asubuhi. Alimletea Otis kipande cha nyasi halisi kumkumbusha zamani, Otis akakila. Alimleta mbwa wa mteja mwingine awe mwalimu; mwalimu na mwanafunzi wakalala kivulini. Mwisho akaamua kumwonyesha mwenyewe. Siku hiyo nilipigiwa simu na Bwana Gaylord Pruitt, jirani wa Bi. Lorna ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

“Kuna mtu mzima hapa nyuma ya ukuta yuko kwa miguu minne, anainua mguu!”

“Amevaa nguo?” nikamuuliza.

“Amevaa.”

“Basi huyo ni Don Cuco, usiwe na wasiwasi.”

Kamati ilikaa kikao. Kanuni za mtaa zinakataza pipa la taka kuonekana barabarani, na zinakataza rangi ya zambarau mlangoni, lakini za kumzuia mwanaume aliyevaa suruali asiinue mguu hawakuzipata. Keki ya pili tukaila.

Sisi tulicheka, ila nyumbani kwa Don Cuco hapakuwa na kicheko. Mkewe, Doña Socorro, hajawahi kukaa naye kiangazi hata kimoja, maana kiangazi ndicho msimu wetu. Alikuwa ameshafungasha trela waende Puerto Peñasco, huko Mexico, kwa dada yake, ufukweni. Sufuria ziko ndani ya trela, vyombo viko ndani ya trela, na mama wa watu anakula maharage kwenye sahani za karatasi akisubiri mbwa wa watu. Niliona aibu kila nilipoongea naye kwenye simu.

Jumanne iliyopita alilivuta trela kwa gari hadi kwa Bi. Lorna, akaliegesha, akapita moja kwa moja mpaka uani. Nilikuwepo; nilikuwa nimempelekea Don Cuco maji. Hakumsalimia yeyote. Alimwinamia Otis, akamshika sikio taratibu.

“Sikiliza, baba. Mume wangu nimemsubiri miaka ishirini na nne. Wewe umemkalisha tangu Aprili. Anakupenda, hawezi kukuambia. Mimi naweza. Kojoa, tuondoke.”

Otis akamtazama kwa muda. Kisha akainuka, akajivuta hadi katikati ya nyasi, akainua mguu, akakojoa polepole na kwa urefu, kama mtu anayeandika jina lake na la ukoo wake wote. Bwana Pruitt, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, alipiga makofi. Don Cuco alivua kofia na kulia waziwazi, nami nikalia.

“Vaa kofia, jua kali,” Doña Socorro akamwambia. “Ingia garini.”

Don Cuco, asante kwa kila ua na kila mshono tusiouona. Asante Doña Socorro, kwa kutuazima mumeo viangazi vyote hivyo. Tunamrudisha akiwa na sahihi. Nendeni salama baharini, na popote mtakapokanyaga, pawe pakavu.