Kadi Kwanza: Maisha ya Dionisia Tadeo, Mkandaji wa Matambarale

Marehemu Dionisia Tadeo alizaliwa tarehe 14 Juni 1953 huko Marambo, wilaya ya Nachingwea, mtoto wa tatu wa mzee Tadeo na mama Agripina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kukanda hakukujifunza shuleni. Alifundishwa na bibi yake, aliyekuwa akiwakanda wanawake waliotoka kujifungua.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Kasmiri, mkulima wa Matambarale, Ruangwa. Kasmiri alikuwa amekwenda Marambo kutafuta mbegu ya ufuta, kiuno kikamkaza huko huko. Alikandwa na Dionisia mara moja tu, kiuno kikaachia. Yeye akaendelea kwenda mwezi mzima, akichechemea kila anapoukaribia mlango.

"Leo unachechemea mguu wa kushoto," binti alimwambia. "Jana ulikuwa wa kulia."

Wakaoana.

Sasa kazi yake. Jana hapa msibani Ladislaus, mdogo wake Kasmiri, alisema: "Kaka, kwenye kazi tuandike mkulima, basi. Watu wanasema mkandaji kajikanda mpaka kafa, hospitali hataki. Tusiwape maneno."

Mzee Kasmiri alimjibu: "Andika mkandaji. Andika kwa herufi kubwa."

Basi imeandikwa. Dionisia alikuwa MKANDAJI. Alitumia mafuta ya ufuta wa shamba lake na kitambaa cha maji ya moto. Alikanda mabega ya wabeba magunia. Alikanda mikono ya waliopigwa na kiharusi, akawatembeza uani asubuhi, hatua kwa hatua. Hakuwahi kusema anaponya. "Mimi nalainisha," alisema. "Kupona kamuulizeni daktari."

Kosa lake nalo liandikwe, maana mwenyewe hakulificha. Mwaka 1984 jirani yake, Mwanawetu, alianguka kisimani. Dionisia akamkanda paja siku tatu, kumbe mfupa ulikuwa umevunjika. Mwanawetu anachechemea mpaka leo, tena yeye si wa kuigiza. Tangu siku ile hakuna aliyelala kwenye mkeka wa Dionisia kabla ya kuonyesha kadi ya hospitali. "Kadi kwanza," alikuwa akisema, hata kwa mke wa mwenyekiti.

Bakary wa Malolo alikuja na mguu mmoja umevimba, una joto. Dionisia akakataa kuugusa.

"Bibi, umezeeka," Bakary akafoka. "Sema tu mikono imeisha!"

"Imeisha kwa mguu huo. Nenda hospitali leo, usingoje kesho."

Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mguu, wakamwambia kuukanda kungeweza kumuua. Alirudi na jogoo. Yuko hapa leo, mwulizeni.

Novemba 2022 Dionisia aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Hakuukanda. Kesho yake alipanda basi. Ilikuwa saratani. Alikatwa titi, akatundikiwa dripu mara sita Dar es Salaam, na hakukosa tarehe hata moja. Mtu mmoja alimletea chupa ya dawa, akamwambia aache dripu anywe ile mwezi mmoja. "Iweke hapo mlangoni," Dionisia akasema. "Kuku wakinywa wakanenepa, nitakuita."

Dripu zilimwachia nyayo zinazowaka moto. Alimuuliza daktari kama miguu inaweza kukandwa. Daktari akasema sawa, taratibu, ila upande wa titi lililokatwa usiguswe. Kasmiri ndiye aliyekanda. "Mzee, hilo si jembe," mkewe alilalamika. "Huo ni mguu, si shamba la mihogo." Akajifunza. Kila jioni kwa miaka miwili.

Mafuta yale hayakumponya, wala hayakuahidi. Yalimpa usingizi. Anayecheka usingizi wa mgonjwa, hajauguza.

Mwaka jana ugonjwa ulirudi, ukaingia kwenye ini. Dionisia alifariki nyumbani tarehe 19 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 71. Miguu yake ilikuwa mapajani kwa mumewe.

Kadi zake zote ziko mezani, kando ya jeneza. Anayesema Dionisia aliikimbia hospitali, apite mbele sasa hivi azisome. Mzee Kasmiri hajui kusoma, lakini mihuri ameihesabu. Ni ishirini na mitatu.

Ameacha mume, watoto wawili, Fidelis na Prisila, na wajukuu saba. Ameacha pia Mwanawetu, ambaye leo amebeba maji ya msiba tangu asubuhi, ndoo kwa ndoo, kwa mguu ule ule. Aliambiwa apumzike, akakataa.

Dionisia, mikono yako imefanya kazi, na imeandikwa. Sasa ipumzike kwa amani.